Faili Limeshikwa, na Mshikaji Ndiye Anayelalamika

Mwalimu amefika steshenari saa moja na nusu asubuhi. Mtihani wa darasa la saba umo kwenye flashi na kengele inagongwa saa mbili. Kijana wa kaunta anachomeka flashi, anaikopi folda kwenye kompyuta yake, anachapa, na nakala arobaini na tano zinatoka bila matata. Shida inaanzia pale mwalimu anapokumbuka.

"Mdogo wangu, hiyo uliyokopi kwenye mashine yako ifute. Huo ni mtihani."

Kijana anaichagua folda, anabonyeza Delete. Dirisha dogo linajitokeza: kazi haiwezi kukamilika kwa sababu folda hiyo, au faili lililomo ndani yake, limefunguliwa na programu nyingine.

"Programu gani?" mwalimu anauliza.

"Haisemi, mwalimu."

Anafunga Word. Anafunga kisomaji cha PDF. Anafunga hata singeli iliyokuwa inacheza kwa chini. Anajaribu tena, jibu ni lile lile. Foleni ya nyuma inaanza kuguna. Kuna dada ana usaili saa tatu na CV yake bado. Mwisho kijana anafanya wanachofanya wote: anaizima kompyuta na kuiwasha upya, na watu wanne wanasimama kimya wakitazama vidoti vinavyozunguka kwenye skrini.

Mandhari haya anayajua kila aliyewahi kuchapa kitu mjini. Programu inayolaumiwa ni ile inayofungua folda, kukopi, kuhamisha na kufuta. Kwenye Windows inaitwa File Explorer, kwenye Mac ni Finder, kwenye Linux inategemea umechagua ipi: Nautilus, Dolphin, Nemo, Thunar. Hakuna anayenunua kompyuta kwa ajili yake. Iko kama mlinzi wa geti: jina lake hulijui mpaka siku amekuzuia kuingia.

Kero zake tumezizoea mpaka tunazihesabu kuwa hali ya hewa. Mimi nazipanga mafungu mawili. Kwa kila kero najiuliza: programu ilikuwa inajua ukweli, au na yenyewe ilikuwa gizani? Ikiwa gizani, naisamehe. Ikiwa inajua na ikanyamaza, hapo ndipo nina neno.

Tuanze na hilo la kushikwa. Windows ina desturi yake: programu ikifungua faili, inaweza kuamua kwamba wengine wasiliguse mpaka yenyewe imalize. Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani, na vizazi vyake, Linux na macOS (ule wa Mac) wakiwemo, wana desturi tofauti. Kule unaweza kulifuta faili huku programu inalisoma. Jina linatoka kwenye folda papo hapo, na yaliyomo yanabaki mpaka msomaji wa mwisho aachie. Kila desturi ina faida yake. Ya Windows inamkinga mhasibu asifutiwe hesabu zake akiwa katikati ya kujumlisha. Desturi yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni yale maneno mawili, "programu nyingine".

Maana mara nyingi programu hiyo nyingine ni File Explorer yenyewe. Enzi za Windows XP, ukifungua folda ya picha kwa mtazamo wa vijipicha, Explorer iliandika humo humo faili lililofichwa, Thumbs.db, la kuhifadhi vijipicha hivyo ili safari ijayo visichorwe upya. Windows Vista, iliyofuata, ilihamishia akiba hiyo sehemu moja ndani ya akaunti ya mtumiaji, lakini kwenye folda za mtandao, zile ambazo ofisi nzima inazichangia, Thumbs.db liliendelea kuzaliwa. Ukitaka kuifuta folda ya namna hiyo, unaambiwa Thumbs.db limeshikwa. Limeshikwa na nani? Na Explorer. Mtu amekalia funguo, halafu anawafokea waliomo nyumbani nani kazichukua. Wasimamizi wa mitandao maofisini walilazimika kuingia kwenye sera za mfumo kuzima tabia hiyo, mashine baada ya mashine au kwa mkupuo kwa wale wenye seva.

Kile kidirisha cha pembeni cha kuchungulia yaliyomo bila kufungua faili nacho huleta balaa hilo hilo. Umebofya PDF mara moja tu, ukurasa wa kwanza umejitokeza kulia, ukitaka kulihamisha faili unaambiwa liko wazi. Liko wazi kweli, ila hukulifungua wewe.

Je, mfumo haujui nani ameshika? Unajua, maana ni wenyewe unaogawa ruhusa za kufungua mafaili. Ndani ya Windows kuna zana inayoitwa Resource Monitor. Ukiiandikia jina la faili, inakutajia programu iliyolishika. Mwaka 2022 Microsoft iliongeza kwenye PowerToys, mkusanyiko wake wa zana za bure, kitu kinachoitwa File Locksmith. Unabofya faili kwa kitufe cha kulia, kinakutajia aliyelishika na kukupa nafasi ya kumfunga. Yaani jibu la swali la mwalimu limeshaandikwa, tena na kampuni ile ile, ila halikuwekwa kwenye dirisha linaloulizwa. Unakwenda kulipakua kando, kama una habari kwamba lipo. Nisimnyime mtu haki yake: siku hizi dirisha hilo humtaja mhusika ikiwa programu imejitambulisha vizuri, kama Word inavyofanya. Zisizojitambulisha ndizo zinazotupwa kwenye kapu la "programu nyingine", na ndizo zinazomtesa kijana wa kaunta.

Kosa la pili ndilo zito kuliko yote, na lilifanywa kwa makusudi. Tangu Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, Explorer inaficha mkia wa jina la faili: ile .docx, .pdf, .jpg, .exe inayokuambia faili ni la aina gani. Nia ilikuwa njema. Walitaka mtu wa kawaida asisumbuliwe na herufi tatu za mafundi, na asizifute kwa bahati mbaya akibadilisha jina. Wakaweka ikoni zimwonyeshe aina.

Ikoni, hata hivyo, si ushahidi. Faili la .exe hubeba ikoni yake lenyewe ndani yake, na aliyelitengeneza anaweza kulivika sura yoyote: ya Word, ya PDF, hata ya folda ya njano. Mkia ndio unaoiambia Windows cha kufanya ukibofya, na mkia ndio uliofichwa. Mtu anaonyeshwa nguo, kitambulisho kinawekwa mfukoni.

Mei 2000 dunia ililipa gharama ya uamuzi huo. Barua pepe ya mapenzi ilianza kusambaa kutoka Ufilipino ikiwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwenye kompyuta nyingi mkia wa mwisho haukuonekana, kwa hiyo mpokeaji aliona .TXT, maandishi matupu, kitu kisicho na madhara. Akabofya. Ile .vbs ilikuwa programu. Ikaharibu mafaili yake na kujituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu chake cha anwani. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa ndani ya siku chache, na Bunge la Uingereza likazima mfumo wake wa barua pepe. Ungedhani baada ya hapo mikia ingerudishwa hadharani. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, ilikuja inaificha vile vile.

Afrika Mashariki hatukuhitaji barua ya mapenzi kutoka Manila. Tuna flashi. Kila aliyesoma chuo miaka kumi na tano iliyopita anavijua virusi vya shotikati: unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka shotikati, yaani vialama vya kukuelekeza kwingine tu, kila moja na kishale kidogo kwenye kona. Watu hulia kwamba kazi yao ya utafiti imefutika. Haijafutika. Virusi vimeziwekea folda halisi alama mbili, ya "iliyofichwa" na ya "mali ya mfumo", na Explorer ikiona alama hizo haikuonyeshi kitu. Kisha vimeweka badala yake shotikati zenye jina lile lile na ikoni ya folda. Ukibofya, vinajiwasha kwanza, halafu vinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Unaona mafaili yako, unaendelea na kazi, na kompyuta imeshaambukizwa.

Tazama Explorer imechangia nini hapo. Imeficha folda halisi kwa sababu virusi vimeiomba iifiche. Imeonyesha ikoni bandia kwa sababu virusi vimeichagua. Na hata ukiwa mjanja ukawasha mikia yote kwenye mipangilio, mkia wa shotikati, .lnk, hauonyeshwi kamwe. Umewekewa amri ya pekee ndani ya mfumo usionekane. Mwaka 2010 iligundulika jambo baya zaidi: kulikuwa na tundu ambalo shotikati iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuwasha programu pale tu Explorer inapochora ikoni yake. Kufungua folda na kutazama kulitosha. Stuxnet, programu hasidi maarufu ya wakati huo, ilipitia tundu hilo, na Microsoft ikaliziba kwa dharura tarehe 2 Agosti 2010. Tabia ya flashi kujiwasha yenyewe ikichomekwa kwenye Windows za zamani nayo ilizimwa kwa sasisho la Februari 2011, wakati flashi zetu zilikuwa zimeshaambukizana kama watoto wa bweni moja.

Tiba ilibuniwa kwenye kaunta. Vijana wa steshenari wanaikariri amri hii kama wengine wanavyokariri namba ya wakala: attrib -h -r -s /s /d. Inazivua folda zile alama na zinarudi kuonekana. Wapo waliotoza shilingi elfu mbili kwa huduma hiyo, na mteja aliondoka akiamini data zake zimefufuliwa kutoka kuzimu, kumbe zilikuwa hapo hapo mbele ya macho, programu ya kutazamia mafaili ndiyo ilikuwa imekubali kutozitaja.

Sasa niitetee kidogo. Ule mstari wa kijani wa kukopi umetukanwa kuliko unavyostahili. Unaambiwa dakika mbili. Ukirudi na chai unaambiwa saa moja. Ukikaa unaambiwa sekunde tano, na sekunde hizo zinadumu mpaka chai inapoa. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft ambaye kwa miaka mingi ameeleza hadharani mambo ya ndani ya Windows, aliandika mwaka 2004 kwamba dirisha hilo linakisia tu. Yajayo haliyajui, ila limelazimishwa kuyatabiri. Namwelewa. Video moja ya gigabaiti 2 inaingia kwenye flashi kama lori la mchanga linalomwaga mara moja. Picha elfu nane za harusi zenye ukubwa huo huo ni mchanga ule ule unaoshushwa kwa vikombe: kwa kila picha mfumo ufungue faili jipya, uandike jina na tarehe kwenye jedwali la flashi, ufunge, usogee kwenye inayofuata. Ongeza antivirasi inayoinusa kila moja. Ongeza flashi ya bei rahisi inayoanza kwa mbio na kuchoka njiani. Hapo nani atatabiri? Windows 8, ya mwaka 2012, ilileta grafu inayoonyesha kasi ikipanda na kushuka, na ninaona hilo ndilo jambo la kiungwana kuliko yote yaliyowahi kufanywa kwenye dirisha hilo. Inakuonyesha inachokiona, uhukumu mwenyewe.

Linux ina tatizo la kinyume chake, na kwangu ndilo linaloumiza zaidi. Unakopi video, mstari unajaa kwa sekunde chache mpaka unajipongeza kwa kuacha zile Windows. Kilichotokea ni kwamba data imeingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kuandikwa kwenye flashi kunaendelea chinichini. Ukiomba kuitoa flashi ndipo unaambiwa usubiri, na subira hiyo ndiyo muda halisi wa kukopi. Niliwahi kuchomoa mara tu mstari ulipojaa, nikafika ukumbini na video ya send-off inayokatika bibi harusi akiwa bado mlangoni. Kosa ni langu, sikuitoa kwa utaratibu. Lakini neno "imekamilika" mimi nililisoma kwa maana yake ya kawaida. Windows 10 nayo, kwa toleo la mwisho wa 2018, iliamua flashi ziwe katika hali ya "kuondoa haraka" bila kuombwa, yaani isilimbikize maandishi kumbukumbuni. Unapoteza kasi kidogo, unapata mstari unaoaminika zaidi. Mimi ningefanya hivyo miaka kumi kabla.

Ziko kero nyingine ambazo nitazipita haraka, maana hazina uovu ndani yake. Folda ya vitu vilivyopakuliwa ikijaa video, Explorer inajiamulia kwamba hii ni folda ya video, inaanza kusoma urefu na ukubwa wa kila moja, na mstari wa kijani unatambaa juu kama konokono. Ingia kwenye sifa za folda, iambie ni ya vitu vya jumla, inapona. Finder ya Mac inaacha faili linaloitwa .DS_Store kila inapopita, na kwenye flashi inaandika mafaili madogo yanayoanza na nukta na mstari wa chini, ambayo redio ya gari inajaribu kuyacheza kama nyimbo. Na watu wa GNOME, mojawapo ya sura za mezani za Linux, walioomba mwaka 2004 waone vijipicha wanapochagua picha ya kuambatisha walipata mtazamo huo Machi 2023. Mtoto aliyezaliwa siku ombi lilipopelekwa alishamaliza sekondari.

Kinachonivutia zaidi ni kutu. Ndani ya programu hizi kuna maamuzi ya watu waliokuwa na haraka, na haraka yao imetuongoza kwa miongo. Dave Plummer, mhandisi wa zamani wa Microsoft, alisimulia mwaka 2024 jinsi alivyoandika lile dirisha la kufomati diski mwishoni mwa 1994, asubuhi moja ya Alhamisi yenye mvua. Alichukua karatasi, akaorodhesha machaguo yanayohitajika, akayapanga wima moja juu ya jingine, akiamini wenzake watakuja na kitu kizuri zaidi baadaye. Hawakuja. Siku hiyo hiyo ilimbidi aamue diski ya FAT, ule mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ifomatiwe mpaka ukubwa gani, akaamua gigabaiti 32.

Leo nenda dukani ununue flashi ya gigabaiti 64 kwa ajili ya nyimbo za gari. Redio nyingi za gari na spika za mtaani zinaielewa FAT32, toleo la FAT hiyo hiyo, na si kingine. Fungua dirisha la kufomati: FAT32 haimo kwenye orodha. Hakuna maelezo kwamba imeondolewa au kwa nini, wala kwamba programu nyingine ya bure itaifomati flashi hiyo hiyo kwa FAT32 bila tabu. Muuzaji analaumiwa kwamba flashi ni feki, na wakati mwingine ni feki kweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Agosti 2024 Microsoft ilitangaza kwenye toleo la majaribio kwamba kikomo kinapanda hadi terabaiti 2, lakini kwa wanaoandika amri kwa mkono. Dirisha la Alhamisi lilibaki kama lilivyo.

Kutu nyingine inatoka mbali zaidi, enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Kwa miongo Windows imekataa folda iitwe CON, PRN, NUL au AUX, kwa sababu hayo yalikuwa majina ya vifaa: skrini na kibodi, printa, na wenzao. DJ anayetaka folda ya nyimbo za kuchezea kwa waya, akaiita AUX kama waya wenyewe unavyoitwa, anaambiwa jina la kifaa si sahihi. Kifaa gani? Anatafuta kifaa. Halafu kuna kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia C: mpaka mkia. Wanaoandika ripoti za miradi wanakijua. Folda inaitwa "Ripoti ya Utekelezaji wa Shughuli za Mradi Robo ya Tatu", ndani yake "Viambatisho vya Ripoti ya Utekelezaji", ndani yake "Vilivyorekebishwa", ndani yake "Final", ndani yake "Final ya Kweli", na hapo faili linagoma kukopiwa. Windows 10 ya mwaka 2016 ilifungua mlango wa kukivuka kikomo hicho, kwa sharti kwamba kila programu itangaze yenyewe iko tayari. Explorer ni miongoni mwa zilizobaki nyuma.

Kutu naielewa. Kuna programu ya mishahara mahali fulani iliyoandikwa 1998 inayotegemea kila moja ya tabia hizo, na Microsoft imejenga utajiri wake kwa kutoivunja. Lakini kuishi na kutu ni jambo moja, kutomwambia mtu kwamba anachogonga ni kutu ni jambo jingine. Ingetosha sentensi moja: jina hili limehifadhiwa na mfumo, chagua jingine.

Oktoba 2018 ndipo kero ndogo ilipoonyesha meno. Baadhi ya watumiaji wa Windows 10, waliohamishia folda zao za Documents au Pictures kwenye diski nyingine, walikuwa wakilalamika kwamba mfumo unawazalishia folda za pili, tupu, zenye majina yale yale. Kero tu, uchafu wa macho. Microsoft ikaandika msimbo wa kuziondoa folda hizo, ikautia kwenye sasisho la mwezi huo. Kumbe kwa baadhi ya watu folda ya zamani haikuwa tupu. Mafaili yao hayakuwahi kuhamishwa yote. Sasisho likafuta vyote. Lilitoka tarehe 2, likasimamishwa tarehe 6, likarudi tarehe 13 Novemba. Kilichouma ni kwamba wajaribuji walikuwa wameshatoa taarifa za kupotelewa mafaili kabla sasisho halijatoka, zikazama katikati ya malalamiko mengine mengi yasiyo na uzito. Baadaye kampuni iliongeza nafasi ya mlalamikaji kueleza madhara ni makubwa kiasi gani. Nikisoma kisa hicho namwona kijana wa kaunta: mtu yuko mbele anayajua, anayasema, na mwenye mamlaka anaangalia skrini nyingine.

Ndiyo maana rangi mpya hainisisimui sana. Windows 11 ilikuja na menyu fupi ya kitufe cha kulia, kukopi na kupesti vikageuzwa vialama visivyo na maneno, na menyu ya zamani ikasukumwa nyuma ya "Show more options". Sababu ilikuwepo: menyu ya zamani ilikuwa imejazwa na kila programu iliyowahi kupita, WinRAR, antivirasi, vichezeshi vya video, na kila moja ilipachika kipande chake ndani ya Explorer. Kipande kimoja kibovu kikianguka, kilianguka na Explorer nzima, na kwa kuwa Explorer hiyo hiyo ndiyo inayochora upau wa chini na ikoni za mezani, skrini ilibaki picha tupu ya ukutani. Tatizo halisi, lakini tiba ikawa kujenga sebule mpya mbele ya ile ya zamani na kuacha mlango kati yake. Vichupo, yaani folda kadhaa ndani ya dirisha moja kama kurasa za kivinjari, vilifika 2022, na hivyo navipenda. Rangi ya giza ilianza 2018, madirisha ya kukopi yakabaki meupe kwa miaka. Yalipoanza kutiwa giza mwishoni mwa 2025, sasisho la majaribio lililoyaleta likaja na mmweko mweupe kila unapofungua Explorer. Wakati huo huo kampuni ikawa inajaribu kuipakia Explorer kumbukumbuni mapema kabla hujaiita, ili ionekane inafunguka haraka.

Kama ningepewa kompyuta za steshenari moja nizipange, ningegusa vitu vitatu na kuondoka. Ningewasha mikia ya majina. Ningezima kidirisha cha kuchungulia. Ningeweka File Locksmith na kumwonyesha kijana ilipo. Kazi ya dakika kumi, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kompyuta mpya au toleo jipya.

Turudi kwenye kaunta. Kompyuta imewaka, kijana ameingia kwenye folda, amebonyeza Delete, safari hii hakuna dirisha lililojitokeza. Lakini folda bado inaonekana pale pale. Wateja wote wanaiona.

"Imefutika?" mwalimu anauliza.

"Imefutika, mwalimu, ngoja tu."

Anabonyeza F5. Folda inatoweka. Anabonyeza F5 mara ya pili na ya tatu, maana mkono umeshazoea, kisha anaingia kwenye kapu la taka na kulimwaga, anarudi kwenye diski na kuandika neno "mtihani" kwenye kisanduku cha kutafutia. Mstari wa kijani unaanza kutambaa. Mwalimu anaangalia saa, anachukua flashi yake, anaipuliza, anaitia kwenye pochi, na dada wa usaili anasogea mbele na simu yake mkononi.

"Kaka, yangu iko WhatsApp. Inaitwa CV, ila ziko nne."